Kawia Ufike Haina Nafasi Hapa: Kurusha Sauti Mubashara Kati ya Vifaa

Ndugu mwenyekiti wa kikao, walimu wangu mliokaa mbele, nanyi vijana wa kompyuta mliojaza viti vya nyuma kama kawaida yenu, nawasalimu nyote.

Swali nililoletewa ni hili. Nina kifaa kidogo chenye maikrofoni upande huu, nina kingine chenye spika upande ule, na katikati nina seva inayoendesha skripti ya Node.js, yaani programu ya JavaScript ya upande wa seva, pamoja na broka, msambazaji wa ujumbe, wa MQTT, itifaki ya vifaa kupelekeana ujumbe mfupi. Je, ninaweza kusikia upande ule kinachosemwa upande huu, palepale kinaposemwa? Jibu ni ndiyo. Tena kodi yake, yaani maandishi ya programu, haijazi hata ukurasa mmoja, na ndiyo maana sikuja na kodi ya kuwaonyesha. Nimekuja kueleza kwa nini mfumo unaofanya kazi vizuri mezani, vifaa vikiwa vimepakana, huanza kukwama, kukoroma na kubaki nyuma mara tu unapoutoa mezani.

Wahenga walisema, kawia ufike. Msafiri huo wosia unamfaa. Na karibu kila tulichofundishwa kuhusu mitandao kimejengwa juu ya wosia huohuo: ujumbe ukipotea, utumwe tena, mpokeaji asipokuwepo, atunziwe, njia ikijaa, watu wapange foleni. Kwa malipo na faili ni sawa kabisa. Kwa sauti mubashara ndiyo balaa yenyewe. Kipande cha sauti kilichokawia ni kama mwitikiaji anayeitikia ubeti uliopita. Hata akiwa na koo la dhahabu, anaharibu wimbo, na heri angenyamaza. Basi neno langu leo ni moja: anayejenga mfumo wa sauti mubashara aamue mapema kitu gani kitatupwa, kitupiwe wapi, na nani wa kukitupa. Asipoamua yeye, foleni zitamwamulia, nazo huamua vibaya.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutabishana bure. Maikrofoni ya kidijiti hupima mawimbi ya sauti mara nyingi sana kwa sekunde, na kila kipimo tunakiita sampuli. Kwa mtu anayezungumza, sampuli 16,000 kwa sekunde zinatosha vizuri. Simu za mezani ziliishi miaka mingi na 8,000. Sampuli moja ikiandikwa kwa biti 16, yaani baiti mbili, na mkondo wa sauti (chaneli) ukiwa mmoja, unapata baiti 32,000 kila sekunde. Muziki wa CD, wenye sampuli 44,100 na mikondo miwili, unafika baiti 176,400. Hiyo ni sauti ghafi, haijabanwa.

Huwezi kungoja sekunde nzima ijae ndipo utume, kwani utakuwa umeshachelewa sekunde nzima kabla mtandao haujaguswa. Kwa hiyo unakata vipande. Kipande kilichozoeleka ni cha milisekunde 20, na kwa sauti ghafi ya mazungumzo kinabeba baiti 640. Vipande 50 kila sekunde. Ukitumia Opus, kodeki (mbinu ya kubana na kufungua sauti) iliyotangazwa kuwa kiwango cha wazi mwaka 2012 kwa hati ya viwango vya intaneti, RFC 6716, unaweza kushusha mazungumzo hadi kilobiti 16 kwa sekunde na bado kila neno likasikika. Hapo kipande kimoja kinakuwa na baiti 40 hivi. Ishikeni namba hiyo, 40, nitaihitaji sasa hivi.

MQTT ilizaliwa mwaka 1999. Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper waliitengeneza ili kufuatilia mabomba ya mafuta kwa njia ya setilaiti, mahali ambapo kila baiti ilikuwa ghali na mawasiliano hayakuwa ya kutegemewa. Wakabana kila kilichobanika: kichwa cha lazima cha ujumbe, yaani maelezo yanayoutangulia, kinaweza kuwa baiti mbili tu. Mtumaji hamjui mpokeaji. Anachapisha kwenye mada, anayeitaka mada hiyo anajiandikisha, na broka aliye katikati anagawa. Umbo hilo linaifaa sauti sana. Maikrofoni inatuma mara moja tu, na haina habari kama wanaosikiliza ni watano au hamsini.

Ila tazameni kilichokuwa kikitumwa kule kwenye mabomba. Kipimo cha shinikizo kikichelewa sekunde tatu bado ni habari ya maana, na kikipotea kabisa ni hatari. Ndiyo sababu MQTT ina ngazi tatu za uhakika wa kufikisha. Ngazi ya 0, unatuma na kusahau. Ngazi ya 1, unatuma mpaka upate risiti. Ngazi ya 2, pande zote mbili zinathibitishana hadi ujumbe ufike mara moja tu, bila pungufu wala ziada. Mtu makini akiziona ngazi hizo huchagua ya 2, kwa sababu inasikika kuwa bora. Kwa sauti mubashara chagua 0. Kukiwa na kipindi kinachohifadhiwa na ngazi ya 1 au ya 2, kifaa kilichokatika dakika mbili kikirudi hewani humwagiwa sauti ya dakika mbili zilizopita, na kuanzia hapo msikilizaji anaishi katika historia. Toleo la 5 la MQTT, la mwaka 2019, lilileta muda wa ujumbe kuisha nguvu, nikafurahi nilipolisoma, mpaka nilipofika kwenye kipimo: ni sekunde nzima nzima. Kwetu sisi sekunde moja ni karne.

Kuna na ujumbe wa kubakizwa, ule ambao broka huutunza na kumpa kila anayejiandikisha upya. Ukiuwasha kwenye mada ya sauti, kila msikilizaji mpya atakaribishwa na mkwaruzo wa milisekunde 20 uliobaki tangu maikrofoni iliponyamaza mara ya mwisho, labda jana usiku. Usiitumie hapo. Itumie kwenye mada ya pembeni inayotaja sifa za sauti: sampuli ngapi kwa sekunde, mikondo mingapi, kodeki ipi. Msikilizaji akiingia anakuta maelezo yanamngoja, na hakuna haja ya kuyabeba ndani ya kila kipande.

Sasa turudi kwenye ile 40. Katika MQTT jina la mada husafiri ndani ya kila ujumbe. Wengi wetu tunapenda majina yanayojieleza, mathalani jengo/ghorofa-ya-pili/ukumbi/maikrofoni1. Hesabuni herufi: ni 40. Jina lina uzito sawasawa na sauti yenyewe! Ongeza baiti mbili za kichwa, mbili za kutaja urefu wa jina, na zisizopungua 40 za TCP na IP, itifaki za mtandao zinazoubeba ujumbe huo chini yake. Umetuma baiti 124 ili kufikisha 40 za sauti. Dawa ya kwanza haina gharama: fupisha jina, s/1 inatosha. Ya pili ni lakabu za mada za toleo la 5, ambapo baada ya ujumbe wa kwanza unataja namba badala ya jina. Ya tatu ni kufunga vipande vitatu katika ujumbe mmoja. Hiyo ya tatu inakugharimu muda, kwa sababu kipande cha kwanza kitakaa kikingoja wenzake wawili. Kwenye matangazo ya upande mmoja sioni ubaya. Kwenye mazungumzo ya watu wawili nitasita.

Tuingie kwenye seva. Node.js ya Ryan Dahl, iliyotoka mwaka 2009, ilijengwa juu ya mzunguko mmoja wa matukio, na kwa kazi ya kupokea vipande vidogo na kuvisukuma mbele sijaona cha kuilaumu. Maadamu skripti yako haifanyi kazi. Nasema kweli: skripti nzuri ya kupitisha sauti ni ile isiyofanya karibu chochote. Ukiiambia ichambue JSON kubwa (data iliyopangwa kama maandishi), iandike faili kwa njia ya kusubiri, au ibane picha katikati, mzunguko wote unasimama, na kila msikilizaji anasikia pengo kwa wakati mmoja.

Baiti zipite zikiwa baiti. Nimeona kodi nyingi zinazogeuza sauti kuwa maandishi ya Base64 na kuyaweka ndani ya JSON, eti ili ionekane nadhifu. Base64 inaongeza theluthi nzima ya ukubwa, na haina kazi hapa, kwani MQTT na WebSocket, njia ya kupelekea data hadi kwenye kivinjari, zote hubeba baiti ghafi bila manung'uniko. Kibaya zaidi ni kuigeuza sauti kuwa mfuatano wa herufi za UTF-8 bila kukusudia. Baiti zisizokubalika kama herufi hubadilishwa kimyakimya, na upande wa pili unasikia kitu kinachofanana na mvua kubwa juu ya bati.

Mvua hiyo ina chanzo kingine, nacho huwasumbua watu zaidi kwa sababu huja na kuondoka. Mara nyingi skripti huanzisha programu nyingine ya kunasa sauti, kama arecord au ffmpeg, kisha husoma kinachotoka. (Kwa wenye Raspberry Pi: matoleo yenye tundu la milimita 3.5 hutoa sauti tu kupitia hapo, hayaingizi. Tafuteni maikrofoni ya USB kabla ya kuilaumu programu.) Vinavyotoka havifuati mipaka ya vipande vyako. Mara baiti 4,096, mara 1,301. Ile 1,301 ni witiri, maana yake sampuli moja imekatwa katikati: nusu yake imo humu, nusu nyingine itakuja na fungu linalofuata. Ukizipitisha zote kwa mpangilio hutajua kitu. Siku utakapotupa fungu moja, kama ninavyowahimiza mtupe, kila sampuli itakayofuata itaundwa na nusu ya jirani yake, na sauti yote itakuwa kelele mpaka mfumo uanzishwe upya. Kwa hiyo kusanya kwanza, kata vipande vya baiti 640 kamili, ndipo uvitume. Na unapotupa, tupa kipande kizima.

Hapo kuna ndugu ameuliza kuhusu WAV. WAV ni aina ya faili ya sauti, na kwa kawaida huanza na kichwa cha baiti 44 kinachotaja, pamoja na mengine, urefu wa sauti yote. Sauti mubashara haina urefu, bado inaendelea. Watu huandika namba kubwa ya uongo hapo na wachezaji wengine wa sauti huikubali. Mimi sipendi. Msikilizaji anayeingia katikati hakukiona kichwa hicho, kwa hiyo hakina faida kwake. Tuma sauti ghafi au Opus, na sifa zake ziwe kwenye ile mada ya kubakizwa.

Mahali ambapo kutupa ni lazima kabisa ni mlangoni mwa msikilizaji mwenye mtandao mzito. Tuseme unatuma sauti ghafi, baiti 32,000 kwa sekunde, na njia yake inaweza kupitisha 24,000 tu. Kila sekunde baiti 8,000 zinabaki kwenye kumbukumbu ya seva. Baada ya dakika kumi anasikia yaliyosemwa dakika mbili na nusu zilizopita, na seva imebeba karibu milioni tano za baiti kwa ajili yake peke yake. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Kila kitu kinaonekana kizima. Kama unampelekea kwa WebSocket, kiangalie kipimo kinachoitwa bufferedAmount, yaani baiti ambazo bado hazijaondoka, kabla ya kila kipande. Kikizidi kiasi cha, tuseme, robo sekunde ya sauti, usimtumie kipande hicho. Atasikia mapengo, ndiyo, na mapengo hayo yanamwambia ukweli kuhusu mtandao wake. Kisha mpe Opus, maana tatizo lake la kweli ni kwamba ulimtumia sauti ghafi.

Jambo dogo kabla hatujavuka. Mwaka 1984 John Nagle aliandika katika RFC 896 mbinu ya kuzuia mtandao usijazwe na pakiti ndogondogo: kompyuta inashikilia data ndogo mpaka ipate risiti ya iliyotangulia. Ni mbinu ya busara, ila sisi vyetu vyote ni vidogo, na inaweza kutuongezea makumi ya milisekunde bila kutuaga. Kwenye Node.js unaizima kwa setNoDelay. Kwenye Mosquitto, mmoja wa mabroka wa MQTT, kuna chaguo la set_tcp_nodelay, ambalo huja likiwa halijawashwa.

Upande wa spika. Vipande vinatoka kila baada ya milisekunde 20 barabara, lakini haviingii hivyo. Kimoja kinakuja baada ya 5, kingine baada ya 48. Ukicheza kila kimoja kinapofika, sauti itakatikakatika. Kwa hiyo mpokeaji huweka bafa, akiba ndogo ya vipande vichache, na kucheza kwa mwendo wake mwenyewe. Akiba ya vipande vitatu ni milisekunde 60. Ukubwa wake ndio mvutano wote wa kazi hii. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake la G.114, linasema mazungumzo mengi hayadhuriki ucheleweshaji wa upande mmoja ukiwa chini ya milisekunde 150, na kwamba mipango isivuke 400. Ukishatoa 20 za kukata kipande, 60 za bafa, na za kadi ya sauti pande zote mbili, utaona mtandao umebakiziwa kidogo sana. Ikiwa kifaa kinasikiliza tu na hakuna anayejibu, ongeza bafa bila aibu, hata nusu sekunde. Anayechelewa nusu sekunde asiye na mtu wa kulinganisha naye hajui kama amechelewa.

Kila kipande kipe namba ya mfuatano ili mpokeaji ajue kilichopotea. Wengi hutumia baiti mbili. Sawa, lakini baiti mbili zinaishia 65,535, na kwa vipande 50 kwa sekunde namba inarudi sifuri baada ya dakika 21 na sekunde 50 hivi. Programu inayofikiri kwamba namba ndogo ni kipande cha zamani itaanza kutupa kila kitu hapo hapo. Mfumo utafaulu majaribio yote ya robo saa na kunyamaza katikati ya hafla. Linganisha namba kwa kuzingatia mzunguko huo.

Halafu kuna saa. Kadi ya sauti ya mtumaji na ya mpokeaji kila moja ina fuwele yake ya kupimia muda, na hakuna fuwele mbili zinazotembea sawasawa. Tuseme zimepishana kwa sehemu 100 katika milioni. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, tofauti ni sampuli 4.8 kila sekunde, jambo ambalo hakuna sikio litakaloling'amua. Baada ya saa moja ni sampuli 17,280, yaani sekunde 0.36. Ikiwa mpokeaji ndiye wa polepole, baada ya saa nane bafa yake imevimba hadi karibu sekunde tatu. Akiwa wa haraka, bafa inakauka na sauti inadonadona. Watu hulaumu mtandao, hubadilisha ruta, huhamisha seva. Mtandao hauhusiki. Mpokeaji aangalie wastani wa bafa yake, na ikizidi, aondoe sampuli chache mahali palipo kimya, kati ya sentensi na sentensi; ikipungua, aongeze. Wanaotaka muziki uwe safi watabadilisha kidogo kasi ya sampuli kwa hesabu nzuri zaidi, lakini kwa mazungumzo njia ya kimya inatosha, na mimi naipendelea kwa sababu unaweza kuielewa usiku wa manane mfumo ukiharibika.

Niseme wazi MQTT inapokoma kufaa. Inapita juu ya TCP, na TCP ndiye mwana mtiifu wa kawia ufike. Pakiti moja ikipotea njiani, zote zilizo nyuma yake husimamishwa mpaka ile irudiwe, hata kama sisi tulishaisamehe. Ngazi ya 0 haituokoi hapo, kwani kurudia kunafanyika chini ya MQTT. Ndani ya jengo moja, kwa waya au Wi-Fi nzuri, hutaona shida. Kwa mazungumzo ya pande mbili kupitia intaneti ya simu, nendeni kwenye WebRTC, teknolojia ya mawasiliano mubashara ya vivinjari, ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliithibitisha kuwa kiwango mwaka 2021. Hiyo husafirisha sauti kwa RTP, itifaki ya sauti na picha mubashara, kwa kawaida juu ya UDP, ambayo hairudii pakiti kama TCP, na kilichopotea huachwa kipotee. Hata hapo MQTT ina kazi: vifaa viwili vinaweza kuitumia kupeana habari za kuunganishwa, kuwasha na kuzima maikrofoni, kupandisha na kushusha sauti. Amri ya kuzima maikrofoni ni ujumbe unaostahili ngazi ya 1, na hapo wahenga wana haki yao.

Hiyo maikrofoni sasa. Tumetengeneza kifaa kinachosikiliza watu. Katika MQTT mtu akijiandikisha kwenye alama ya # anapokea mada zote zilizo wazi kwake, na broka asiyedai nenosiri atamgawia mgeni sauti ya chumba chako kwa uaminifu uleule. Bandari ya 1883, mlango wa mtandao wa kawaida wa MQTT, hupitisha kila kitu bila kusimbwa. Tumieni 8883 yenye TLS, yaani inayosimba mawasiliano, na kila kifaa kiwe na ruhusa ya mada yake tu. Taa ya kuonyesha maikrofoni iko hewani iunganishwe na umeme wa maikrofoni yenyewe, isiwe inawashwa na skripti. Tena tumieni ujumbe wa wosia, ambao broka huutangaza kifaa kinapokatika ghafla, kwa sababu kwa anayesikiliza tu, chumba kilichotulia na kifaa kilichokufa vinasikika sawasawa.

Mwisho, majaribio. Linux ina amri ya tc, yenye sehemu iitwayo netem, inayoweza kuuharibu mtandao wako kwa makusudi: ucheleweshe pakiti milisekunde 80, uzitikise kwa 40, upoteze 2 katika kila 100. Fanyeni hivyo mezani, acheni mfumo uzungumze usiku kucha, na asubuhi mpime umebaki nyuma kwa milisekunde ngapi. Sasa nakaribisha maswali, tuanze na yule dada aliyeinua mkono tangu nilipomtaja Nagle.